Je, Kufuta Onyo ni Kusema Uongo?

Gari linaingia gereji taa ya injini ikiwa imewaka, ile ya rangi ya chungwa ambayo madereva wengi huiita cheki injini. Fundi anachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, anasoma msimbo, anabonyeza palipoandikwa kufuta, taa inazimika. Mwenye gari anatoa pesa, anashukuru, anaondoka. Hakuna nati iliyofunguliwa wala waya ulioguswa, na hakuna kati yao aliyetamka neno lisilo la kweli: mmoja aliomba taa izimwe, mwingine ameizima. Je, watu hawa wamedanganya? Na kama wamedanganya, wamemdanganya nani? Wapo watakaoona kwamba hilo ni jambo dogo la ufundi, lisilostahili kupelekwa msikitini, kanisani wala kwenye darasa la falsafa. Mimi naliona ni swali zito, kwa sababu linagusa jambo ambalo dini zetu na wanafalsafa wamelihangaikia kwa muda mrefu, yaani kama mtu anawajibika kwa ukweli aliokataa kuujua. Jibu langu ni kwamba anawajibika, na kwamba anayefuta onyo bila kutafuta chanzo chake amesema uongo hata kama hakufungua mdomo.

Tuanze na taa yenyewe, maana wengi wanaielewa nusu. Dereva wa kawaida hudhani imewekwa kwa ajili yake, imwonye kwamba injini iko hatarini. Mara nyingine ni hivyo, lakini asili yake ni nyingine. Katika miaka ya 1940 mji wa Los Angeles ulianza kufunikwa na ukungu mchafu uliowasha macho na kukaba koo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari na gesi za viwanda vya mafuta zinapopigwa na jua. Jimbo la California likaweka masharti, Marekani nzima ikapata sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, na kuanzia magari ya mwaka 1975 watengenezaji wengi wakawa wanafunga kwenye ekzosi kile kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wa Dar es Salaam hukiita masega. Lakini kifaa hicho huzeeka na kufa kimyakimya. Gari lililotoka kiwandani likiwa safi linaweza kuwa linachafua hewa miaka kadhaa baadaye, na dereva asihisi tofauti yoyote kwenye pedali. Ndiyo maana kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani ililazimisha kila gari dogo liwe na mfumo wa kujikagua lenyewe, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kwa hitilafu nyingi, kipimo cha kuwasha taa kiliwekwa pale moshi unapoweza kufikia mara moja na nusu ya kiwango kinachoruhusiwa. Ukikitazama kipimo hicho utaona kwamba hakihesabu nguvu za injini wala raha ya abiria. Kinahesabu kinachotoka nyuma ya gari. Taa imefungwa mbele ya dereva, lakini inasema kwa niaba ya watu walio nje ya gari, ambao hawawezi kuiona.

Chukua msimbo mmoja unaofahamika katika gereji nyingi, P0420. Tafsiri yake ni fupi: ufanisi wa masega umeshuka chini ya kiwango. Gari limejuaje? Kuna sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya masega na nyingine nyuma yake. Ya mbele, kama ni ya aina ya kawaida, hupanda na kushuka bila kupumzika kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi, kwa sababu kompyuta ya gari huongeza na kupunguza petroli kila wakati ikiutafuta uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Masega yaliyo hai huhifadhi oksijeni na kuitoa kidogokidogo, hivyo moshi unapofika kwenye sensa ya nyuma mawimbi yameshatulia, na sensa hiyo husoma volti 0.6 au 0.7 bila kutikisika sana. Siku sensa ya nyuma inapoanza kurukaruka sawasawa na ya mbele, kompyuta inaelewa kwamba kilichopo katikati hakifanyi kazi tena. Hata hapo haiwashi taa papo hapo. Inasubiri ilione tatizo hilo tena katika safari nyingine, ndipo inapowasha, na pamoja na msimbo inahifadhi kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati ule: kasi ya gari, joto la maji, mzigo wa injini. Shahidi anayesubiri aone mara mbili kabla ya kusema, tena akaandika na mazingira, ni shahidi mwangalifu kuliko wengi tunaowaamini mtaani.

Hata hivyo ushahidi bado haujawa hukumu, na hapa ndipo fundi mzuri anapoachana na fundi wa haraka. Wa haraka husoma P0420 na kusema nunua masega mapya, au kwa kuwa habari imetoka kwenye sensa, husema badilisha sensa. Msimbo haujasema hata moja kati ya hayo. Ekzosi iliyotoboka karibu na sensa inaweza kuvuta hewa ya nje na kupotosha kipimo chote. Sensa yenyewe inaweza kuwa imechoka. Na hata ikithibitika kwamba masega yamekufa, linabaki swali kubwa zaidi: yameuawa na nini? Kifaa hiki kimebuniwa kiishi miaka mingi. Kikifa mapema, mara nyingi kuna ugonjwa mwingine ulioanza mbele yake. Koili ya plagi moja ikidhoofika, injini inamisi, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega, joto linapanda hadi ile kauri yenye vitundu inayeyuka na kuziba. Injini inayokula oili hupeleka fosforasi inayofunika madini ya platinamu na paladi. Gasketi iliyoungua hupitisha maji ya rejeta. Anayefunga masega mapya kwenye injini inayomisi amelipia kifo cha pili. Kwa hiyo kuna namna mbili za kuukosea ushahidi wa aina hii: kuutii bila kuuhoji, na kuunyamazisha bila kuuhoji. Ya kwanza inapoteza pesa za mteja, na inasikitisha. Ya pili ndiyo ninayoiita uongo.

Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, William Kingdon Clifford, alitoa makala kuhusu maadili ya kuamini, na ndani yake aliweka mfano wa mwenye meli. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na mwenyewe anaanza kuwa na shaka kama bado inafaa bahari. Lakini ukaguzi una gharama. Basi anajituliza: imepita dhoruba nyingi na kurudi salama, mafundi walioijenga si watu wa kutiliwa shaka uaminifu wao, na Mwenyezi Mungu hataziacha familia zinazosafiri kutafuta maisha. Anafaulu kujiaminisha, meli inang'oa nanga na wahamiaji wake, inazama, yeye anachukua bima. Clifford anakubali kwamba mtu huyu aliamini kwa dhati, na bado anamhukumu, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi uliokuwa mbele yake. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza: lau meli ingefika salama, hatia isingepungua hata chembe. Hatia ilikamilika siku alipoiua shaka yake badala ya kuichunguza. Naona hukumu hiyo ni ya haki, na kwa mwenye gari inabana zaidi kuliko kwa mwenye meli. Mwenye meli alizima shaka iliyokuwa moyoni tu. Anayefuta msimbo anafuta pia ile kumbukumbu ya kasi, joto na mzigo iliyohifadhiwa pamoja nao, yaani vitu vyenyewe ambavyo fundi wa kesho angevitumia kufika kwenye chanzo. Ameharibu ushahidi. Jioni anapomwambia jirani kwamba gari lake ni zima, huenda anaamini kweli, na imani hiyo ndiyo uongo wa kwanza, aliojiambia mwenyewe.

Uongo wa pili unamfikia mnunuzi. Waislamu wanaikumbuka hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kuhusu rundo la nafaka sokoni. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita, akaingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kwamba mvua ilinyesha. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na Mtume akamwambia kwamba mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Kinachonigusa katika tukio hili ni kwamba muuzaji hakusema neno lolote la uongo. Hakuilowesha nafaka yeye. Mvua ni kudra. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa rundo. Gari lililofutwa msimbo asubuhi ya kuuzwa ni rundo hilohilo. Baada ya kufuta, kompyuta hurudi kwenye hali ya kutojua, na kipimo cha masega hakirudii mpaka injini iwashwe ikiwa baridi, ipate joto lake kamili, kisha gari liende mwendo wa utulivu kwa muda. Kwa foleni zetu za mjini hilo linaweza kuchukua siku. Katika siku hizo dashibodi ni safi, na mnunuzi asiyejua anaona usafi huo kama ushahidi. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba nchini Marekani, kuanzia magari ya mwaka 2010, iliwekwa misimbo ya kudumu isiyofutika kwa mashine: hutoka tu gari lenyewe likijipima na kuona tatizo limekwisha. Sheria imeingiza mkono ndani ya rundo.

Wapo watakaosema kwamba natumia neno uongo kiholela, kwa kuwa uongo huhitaji mtu wa kuambiwa, na kompyuta ya gari si mtu. Hoja hii inapita haraka kwenye masikio lakini haifiki mbali. Mfanyabiashara anayechezea mizani haambiwi kwamba ameidanganya mizani. Surat al-Mutaffifin na Kitabu cha Mithali vinamlaani kwa sababu ya yule anayesimama upande wa pili na kikapu chake. Chombo cha kupimia ni njia tu. Anayeziba njia anawakusudia walioko mwisho wake. Ushahidi mkubwa wa karne hii tunao. Septemba 2015 ilibainika kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka kwenye magari ya dizeli programu inayotambua kama gari linapimwa maabara, kwa kuangalia mambo kama mzunguko wa usukani na muda wa safari. Likipimwa, lilisafisha moshi ipasavyo. Likiwa barabarani lilitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango cha Marekani. Magari takriban milioni 11 duniani yalihusika. Hakuna mhandisi aliyehitaji kusimama mbele ya umma na kusema uongo. Programu ilinyamaza kwa niaba yao. Na waliofichua jambo hilo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vipimo kwenye gari na kuliendesha barabarani, walikopita watu. Ulimwengu mzima uliita kitendo hicho udanganyifu, na ulikuwa sahihi. Sioni kwa nini kitendo hichohicho kibadilike jina kikifanywa na mtu mmoja kwenye gari moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: taa yenyewe hukosea. Ni kweli. Mfuniko wa tanki la petroli uliolegea unaweza kuwasha taa na kuleta msimbo wa mvuke unaovuja, P0455, bila kitu chochote kuharibika. Waya ulioliwa na panya, sensa iliyozeeka, petroli iliyochanganywa, vyote vinaweza kuzua lawama dhidi ya kifaa kisicho na kosa. Dereva aliyewahi kubadilishiwa vifaa vitatu huku taa ikirudi kila mara ana sababu ya kutoiamini tena. Lakini tuangalie hoja hii inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba hatupaswi kuhukumu kwa msimbo peke yake, jambo ambalo nimeshalikubali. Haithibitishi kwamba tunaruhusiwa kuacha kuuliza. Shahidi anayekosea mara kwa mara huulizwa maswali zaidi. Hakuna kadhi wala hakimu anayemfukuza mahakamani kabla hajamsikiliza. Tena huwezi kujua kwamba taa imekosea ila kwa uchunguzi uleule unaotaka kuukwepa. Lazima mtu aukaze mfuniko wa tanki, autazame waya, alinganishe mawimbi ya sensa mbili, ndipo apate haki ya kusema onyo hili halikuwa na msingi. Baada ya hapo kufuta ni halali, na zaidi ya halali: fundi aliyetengeneza hufuta ili aone kama ushahidi utarudi, na huo ni uaminifu wa hali ya juu. Kitendo cha kidole ni kilekile. Kinachotofautisha ni kama kilitanguliwa na swali.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya umaskini, na sitaki kuipita kwa maneno mepesi. Masega yamebeba platinamu, paladi na rodiamu. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilivuka dola 20,000 kwa aunsi moja. Masega mapya ya kiwandani yanaweza kudai sehemu kubwa ya thamani ya gari kuukuu zima. Dereva wa teksi anayelipa hesabu ya kila siku kwa tajiri, anayesomesha watoto kwa kinachobaki, tumwambie aliegeshe gari pembeni kwa sababu sensa ya nyuma inarukaruka? Nasema hapana, na dini pia haisemi hivyo. Wanazuoni wa fiqhi wanakubali kwamba dharura huruhusu yaliyokatazwa, ila wanaongeza sharti: dharura hupimwa kwa kiasi chake, haitanuki zaidi ya haja iliyoizaa. Haja ya dereva huyu ni kuendelea kufanya kazi. Kwa ajili hiyo anaweza kuendesha huku taa imewaka, akiwa anajua tatizo na akiweka akiba. Haja hiyo haimlazimishi kufuta, kumficha tajiri wake, wala kumuuzia mwingine gari kwa sura ya uzima. Kutoweza kutengeneza ni udhuru. Kuficha hakuna udhuru, kwa sababu kusema kweli hakugharimu bei ya masega. Na kwa kuwa mara nyingi masega ni majeruhi wa ugonjwa mwingine, kuuliza mapema ndiko kunakomlinda maskini: plagi na koili iliyobadilishwa siku taa ilipoanza kupepesa, ishara ya kwamba injini inamisi vibaya, ni gharama ndogo sana kando ya masega yaliyoyeyuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika gari kifo hicho huja na bei.

Tena wengi wanaotumia jina la umaskini si maskini katika jambo hili. Kuna biashara ya kung'oa masega mazima, kuyauza kwa wanunuzi wa madini, kufunga bomba tupu mahali pake, kisha kuiweka sensa ya nyuma kwenye kipande cha chuma kinachoitenga na mkondo wa moshi ili isome utulivu wa bandia. Hapo hapana dharura. Pana faida, na pana ushahidi uliotengenezwa ili useme kinyume cha ukweli. Anayefanya hivyo amefanya kwa sensa moja kile ambacho kampuni kubwa ilifanya kwa programu nzima. Na tukiwa waadilifu tuseme pia kwamba mzigo huu hauanzi kwetu peke yetu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, ilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na takriban asilimia 40 kati yake yalikuja Afrika. Muuzaji wa ng'ambo anayetuma gari akijua moshi wake umeharibika ana rundo lake la nafaka. Hatia yake haipunguzi ya kwetu, kama ya kwetu isivyopunguza yake.

Linabaki pingamizi la tone baharini: moshi wa gari langu moja haumdhuru mtu yeyote, jiji litabaki lilivyo nikitengeneza au nisipotengeneza. Mwaka 1984 Derek Parfit wa Oxford alilijibu katika kitabu chake Reasons and Persons kwa mfano wa watesaji elfu moja, ambao kila mmoja anabonyeza kitufe kinachowaongezea wahanga wengi maumivu kiasi kisichohisika. Hakuna mtesaji mmoja aliyeleta maumivu yanayoonekana, na bado wahanga wanateseka vibaya. Kama hesabu yetu ya maadili inawaachia wote elfu, basi hesabu ndiyo mbovu. Mfano huo una sura halisi. Mwezi Februari 2013 msichana wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki London kwa pumu kali. Aliishi karibu na barabara yenye magari mengi. Desemba 2020 mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, uamuzi wa kwanza wa aina hiyo Uingereza. Uamuzi haukutaja namba ya gari lolote, na usingeweza. Hakuna dereva aliyemuua, na moshi wa madereva ulichangia kumuua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019, navyo havikutokana na magari pekee. Kati ya walio hatarini kwetu ni mama lishe kando ya kituo cha daladala, askari wa usalama barabarani, mwendesha bodaboda anayesubiri taa nyuma ya ekzosi, na mtoto ambaye kimo chake kinamweka karibu na bomba hilo. Gesi ya monoksidi ya kaboni hung'ang'ania damu takriban mara 200 kuliko oksijeni, bila kuuliza aliyeivuta ni nani. Watu hawa hawatajua jina lako. Ile taa ndiyo sauti pekee waliyopewa ndani ya gari lako.

Wengine husema kwamba viwango hivi ni vya California, vimeletwa kwetu pamoja na magari, na hatuna wajibu navyo. Zamani hoja hii ilikuwa na mantiki ya kiufundi. Petroli yetu ilipokuwa na risasi, masega yalikufa haraka kwa kufunikwa na madini hayo, na fundi aliyeyaondoa hakumnyima mtu hewa ambayo kweli ingesafishwa. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye petroli ya ukanda huu. Tangu hapo masega yana kazi ya kufanya Kariakoo kama yalivyo nayo Los Angeles. Sheria inaweza kuwa ya wengine. Mapafu ni yetu, na kanuni ya kutomdhuru jirani haikutoka California.

Kwa hiyo narudi kwa fundi na mteja wake, na hukumu yangu ni kwamba wamedanganya wote wawili, fundi zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma msimbo na kujua maana yake. Mafundi wanaweza kuumaliza uongo huu kwa kalamu. Kabla ya kufuta, andika msimbo kwenye risiti pamoja na hali iliyohifadhiwa nao. Andika ulichokagua na ulichokuta. Kama hukutengeneza kitu, andika hivyo pia, mteja aondoke akijua. Mashekhe, mapadri na wachungaji wanaozungumzia biashara ya haki waitaje gereji kwa jina, kama wanavyolitaja duka. Na wewe unayenunua gari, usiridhike na dashibodi isiyo na taa wala mashine inayosema hakuna msimbo. Mwambie fundi wako aangalie kama vipimo vya kujikagua vimekamilika. Visipokamilika, huenda betri ilibadilishwa juzi, na hilo si kosa. Au huenda kuna kilichofutwa. Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji kilifutwa nini, na lini.